Folda ya Kwaya Iliyorudi Tupu

Jumatano, saa nne na robo asubuhi, katika ofisi ya usharika wa Kyabuhanga, kata ya Kamuli, fundi Jovitus alibonyeza folda iliyoandikwa KWAYA. Ikafunguka. Ndani hamkuwa na kitu ila kurasa tatu za maneno ya nyimbo.

Akaifunga, akaifungua tena. Kurasa zilezile tatu.

"Sauti ziko wapi?" aliuliza Telesfori.

Alikuwa amesimama nyuma ya fundi, flashi mpya mkononi, bado imo ndani ya karatasi yake ya dukani. Telesfori alikuwa mpima kahawa kwenye ghala la Kamuli, mtu wa darasa la nne, mgane. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa kumbukumbu ya miaka miwili ya mkewe, Uwiduhaye, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya ya usharika. Picha zake alikuwa nazo mbili. Sauti yake hakuwa nayo popote. Ilikuwa humo tu, kwenye kompyuta ya usharika, katika rekodi sitini na tatu za mazoezi, na aliahidiwa kwamba kompyuta ikishasafishwa angepewa zote.

"Mzee, subiri kidogo," Jovitus alisema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Nimesubiri miaka miwili. Sauti ziko wapi?"

Mzee Kashaija, mwenyekiti wa kamati ya usharika, aliinuka kitini. Wakubwa wa Kyabuhanga wana tabia moja: kitu kikienda vizuri wanapiga picha nacho, kikiharibika wanamtafuta aliyekuwa karibu nacho. Aliyekuwa karibu siku hiyo ni fundi.

"Kijana," alisema, "wewe umekuja hapa jana ukasema kompyuta imejaa virusi, lazima ifutwe yote, ipigwe Windows upya. Tukakukubalia. Tukakuandikia na karatasi ya vitu vya kuhifadhi kwanza. Noela, isome."

Noela, karani wa usharika, mke wa Mwalimu Hagenimana wa kwaya, aliitoa karatasi kwenye jalada. Ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti na muhuri mara mbili, kana kwamba mmoja ungekimbia. "Ubatizo," alisoma. "Ndoa. Barua. Picha. Kwaya."

"Kwaya!" Kashaija aligonga meza. "Imeandikwa! Pikipiki yako haitoki hapa. Kesho saa nne tunakuita mbele ya wazee, na baada ya hapo ni polisi."

"Niliihifadhi, mzee wangu. Haki ya Mungu niliihifadhi."

"Basi imekwenda wapi? Imepaa?"

Mackrine, aliyeshika nafasi ya Uwiduhaye kwenye kwaya, alikuwa amekuja kuchapisha ratiba ya ibada. Alisema taratibu, lakini wote walisikia: "Labda ni Mungu kasema imetosha."

Telesfori aligeuka akamtazama. Alirudisha flashi mfukoni akamshika fundi mkono, akatoka naye nje.

Walikaa kwenye ngazi za kanisa. Saa nne na nusu. Chini yao migomba ilikuwa imelowa mvua ya alfajiri.

"Mimi kompyuta siijui," Telesfori alisema. "Najua mizani. Gunia likipimwa limejaa, likafika chini jepesi, mwizi yuko katikati ya mizani mbili. Haya, nieleze. Jana ulipima wapi?"

Jovitus alimtazama kama mtu aliyeopolewa mtoni. "Nilipima, mzee. Nina tabia hiyo. Wateja wa Rubwera wamenifundisha adabu. Nikihifadhi vitu vya mtu napiga picha ya skrini kwa simu kabla sijafuta chochote." Alitoa simu. "Hii hapa. Jana Jumanne, saa sita na dakika arobaini mchana. Folda ya Kwaya ikiwa tayari kwenye eksteno. Ona uzito wake, giga tisa."

"Na leo?"

"Leo haifiki hata giga moja. Haifiki hata nusu ya robo."

"Hiyo eksteno ni kitu gani?"

"Ni diski ya pembeni, kisanduku kama daftari dogo. Vitu vyote vinahamia humo kwanza, kompyuta inafutwa, Windows mpya inawekwa, halafu vitu vinarudi. Nilipaswa kuweka nakala mbili, mahali pawili. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Nilikuwa na eksteno moja."

"Jana ukamaliza saa ngapi?"

"Saa tisa. Programu ya printa niliisahau Rubwera, nikasema nitarudi leo nirudishe vitu. Wingu lilikuwa zito, nikachomoa kompyuta ukutani kwa ajili ya radi. Eksteno nikataka kuondoka nayo. Mzee Kashaija akakataa. Akasema mali ya usharika hailali nje. Ikafungiwa kabatini."

"Ufunguo wa kabati?"

"Anao yeye kiunoni. Anauonyesha kila mtu."

Telesfori aliwaza. "Kwa hiyo gunia lilifunguliwa kati ya jana saa tisa na leo saa nne. Kuna alama yoyote? Gunia likishonwa upya, uzi unaonekana."

Jovitus akapiga paja. "Mzee, wewe ungekuwa fundi! Folda ina tarehe. Ukitoa kitu ndani yake, inaandika saa uliyotoa." Alikuwa na laptopu yake begini, pamoja na eksteno iliyotolewa kabatini asubuhi; akaichomeka, akatazama. "Jana. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni."

"Humu ofisini?"

"Hapana, na hilo ndilo linanishangaza. Kompyuta ya ofisi betri yake ya ndani imekufa, ile ndogo kama kifungo cha koti. Ukiichomoa ukutani inasahau siku. Ukiiwasha inaamini tuko mwaka 2009. Mtu angefuta kwa mashine hiyo, hapa pangeandikwa 2009. Niliomba betri mpya, kamati ikasema italijadili."

"Wanajadili betri ya kifungo," Telesfori alisema kwa uchungu. "Hata zahanati waliijadili, mke wangu akafia njiani kwenda hospitali ya Nyakahanga. Endelea."

"Basi ilifanyika kwenye mashine nyingine, yenye saa sahihi. Nani hapa ana kompyuta?"

Telesfori hakuhitaji kufikiri. Ukiacha ya fundi aliyetoka Rubwera, Kyabuhanga nzima ilikuwa na laptopu moja tu, ya Mwalimu Hagenimana, aliyopewa na shule.

Alihisi kitu cha moto kikipanda kifuani, na tuseme ukweli, hakikuwa hasira tu. Kilikuwa furaha. Miaka kumi na mmoja, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mke wake alikuwa mali ya Hagenimana. Hagenimana alitunga, Uwiduhaye akaimba. Hagenimana aliinua mkono, Uwiduhaye akapaza. Watu walisema sauti ile na mkono ule vimeumbwa pamoja, nao walisema mbele ya Telesfori, wakicheka. Yeye alikaa shambani akipalilia kahawa iliyokwisha kupaliliwa, akisikiliza kile upepo ulichomletea. Hakuwahi kumwuliza mkewe. Na sasa mtu huyohuyo ameichukua hata sauti iliyobaki.

"Ni yeye," alisema. "Anataka kubaki naye peke yake."

"Nani, mzee?"

"Twende shuleni."

Shule ya msingi ilikuwa mwendo wa robo saa. Hagenimana alitoka darasani chaki ikiwa sikioni, mtu mrefu mwenye mvi mbili tatu na shati lililopigwa pasi vizuri mno kwa Jumatano.

"Mzee Telesfori! Amakuru, habari za leo?"

"Acha amakuru. Jana saa kumi na moja na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

Hagenimana alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Jumanne jioni mimi huwa wapi, miaka yote? Kanisani. Mazoezi. Nilikuwa na watu ishirini na wanane. Muulize Mackrine, nilimrudisha ubeti wa pili mara sita, alitaka kunipiga na kitabu."

"Na laptopu yako?"

"Nyumbani, mezani. Siendi nayo mazoezini, ni mali ya serikali." Akamtazama fundi. "Kwani kuna nini?"

Jovitus alimweleza. Mwalimu akaegemea ukuta. "Zote? Sitini na tatu?" Macho yakamjaa maji. "Kwenye simu nilifuta. Kila nikirekodi nilihamishia ofisini, upande wangu wenye paswadi, kwa sababu watoto wa kipaimara waliwahi kufuta wimbo mzima wakicheza gemu."

"Mimi paswadi sikuihitaji," Jovitus alisema. "Nilitoa vitu vyote moja kwa moja. Vikishafika kwenye eksteno, havina kufuli. Yeyote anafungua."

Telesfori aliyaona yale machozi, akachukia kwamba yalikuwa ya kweli.

Alipita kwa Mackrine saa saba mchana, akamkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, baba Nikuze. Umekuja kunikamata?"

"Marahaba. Jana jioni mwalimu aliondoka mazoezini?"

"Laiti angeondoka! Alitukalia shingoni tangu saa kumi hadi giza. 'Uwiduhaye alivuta hapa, Uwiduhaye alishusha hapa.'" Alitupa ganda kwa nguvu. "Nitakwambia, waitu, ndugu yangu, usinichukie. Niliposikia zimefutika, nilifurahi. Nimeimba miaka miwili na marehemu amekaa begani kwangu. Lakini sikuzigusa. Mimi hata hiyo kompyuta naiogopa, naona itanirusha."

Alimwamini. Watu wanaokiri wivu wao wakiwa na kisu cha kumenyea mkononi huwa hawana kingine cha kuficha.

Saa tisa alikwenda kijiweni kwa bodaboda, akamwita Niyomugabo, anayebeba wazee wa kamati ingawa wana desturi ya kulipa wakikumbuka tu.

"Jana ulimbeba Mzee Kashaija?"

"Jana? Nilimpeleka Murongo, saa tisa na nusu. Kuna mkwe wake kavuka kutoka Uganda. Nilimrudisha saa moja usiku, anaimba. Alikunywa rubisi, lakini usiseme nimesema."

Telesfori aliketi kwenye jiwe, akahesabu. Kabati lilifungwa saa tisa. Saa kumi na moja na dakika ishirini eksteno ilikuwa kwenye laptopu ya mwalimu. Mwenyekiti alikuwa Murongo. Mwalimu alikuwa kanisani. Alirudia hesabu mara ya pili akitafuta mahali pa kumpenyeza Hagenimana, kama mtu anayekandamiza mizani kwa kidole gumba. Mizani haikukubali.

Alhamisi saa nne walikaa wote ofisini. Kashaija alikuwa katikati, na muhuri wake mbele yake. Jovitus alikuwa kwenye benchi la washitakiwa, lililokuwa benchi la kawaida la kanisa. Hagenimana aliomba ruhusa shuleni. Noela alikuwa na kalamu, tayari kuandika muhtasari.

"Tuanze kwa sala fupi," mwenyekiti alisema, "halafu tumkabidhi huyu kijana kwa vyombo vya dola."

"Kabla ya sala," Telesfori alisema, "naomba kumwuliza mwenyekiti. Ufunguo wa kabati unao?"

Kashaija aliuinua kutoka kiunoni. "Hautoki hapa. Hata nikilala."

"Juzi Jumanne haukutoka?"

"Nimesema hautoki."

"Basi aliyefuta ni wewe."

Kashaija aliukumbatia ufunguo kwa mikono miwili.

"Mimi? Telesfori, una wazimu?"

"Sina. Picha ya fundi inaonyesha vitu vilikuwepo saa sita na dakika arobaini. Eksteno ikafungiwa. Saa kumi na moja na dakika ishirini, ikiwa imefungiwa, imetolewa na kupunguzwa. Mwenye ufunguo ni mmoja. Ama wewe, ama ufunguo ulitoka."

"Saa hiyo sikuwepo hata kijijini! Nilikuwa Murongo!"

"Na ufunguo?"

Ungemwona mwenyekiti wa kamati akitafuta pa kujificha ndani ya koti lake mwenyewe. Angetufunga sote kuliko kukubali kwamba kitu alichoapa hakitoki kiunoni kilitoka kwa sababu ya mtungi wa rubisi. Na fundi angelala rumande.

"Kulikuwa na haraka," alisema hatimaye. "Mkwe alikuwa ananisubiri. Nilimwachia karani ufunguo, aingize majalada yake kabatini kisha afunge."

Macho yote yakaenda kwa Noela. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Mama Salvina," Telesfori alisema, sauti imeshuka. "Kompyuta ya ofisi ina saa mbovu, ingeacha alama ya mwaka 2009. Iliyotumika ni ya kwenu. Mwalimu alikuwa na watu ishirini na wanane. Nyumbani ulikuwepo nani?"

"Noela?" Hagenimana alisimama nusu.

Noela aliifunika kalamu kwa kifuniko chake, polepole, akailaza juu ya daftari.

"Nilitoka na eksteno kwenye kikapu saa kumi na robo," alisema. "Nikairudisha kabla ya saa kumi na mbili. Usimguse fundi, baba mwenyekiti, hana kosa. Nilijua mtasema ni yeye. Ninyi huwa hamtafuti mbali."

"Lakini kwa nini?" aliuliza mumewe. "Nyimbo za Bwana, Noela!"

"Za Bwana?" Alimgeukia. "Nimeishi na wewe miaka kumi na saba. Umeshanitungia hata mstari mmoja? Jumapili ulisema kumbukumbu itaanza na sauti yake, ukalia mezani, chakula kikapoa. Mimi nilikuwa na homa wiki ya tatu. Hukuona. Na folda ina paswadi! Kwaya gani inafungiwa paswadi? Mimi karani ninafungua ndoa za watu wote, ubatizo wa watu wote, nyimbo za mume wangu nimezuiwa. Fundi alipozitoa na kuziweka wazi, nikasema leo nitajua."

"Ni kwa ajili ya watoto wa kipaimara! Ungeniuliza tu."

"Ungenijibu nini?"

Hagenimana alibaki akiitazama mikono yake, ile mikono iliyosifiwa kwa miaka yote, kama mtu aliyeshikishwa kitu kisicho chake. Kisha akachukua kofia akatoka, na wakamwona dirishani akiteremka, si kuelekea shule wala nyumbani.

Kashaija alikohoa. "Kamati italikalia jambo hili. Karani, andika… ah. Basi, tutaandika baadaye. Fundi, chukua pikipiki yako."

"Na kuniomba radhi, mzee?" Jovitus aliuliza.

"Hilo nalo litajadiliwa." Mwenyekiti aliuchukua muhuri wake akaondoka nao, na fundi akamfuata nje akiguna.

Wakabaki wawili. Saa tano kasoro dakika kumi.

"Ulizichoma?" Telesfori aliuliza. "Niambie tu. Ulizifuta kabisa?"

Noela aliingiza mkono kifuani mwa blauzi, akatoa flashi nyekundu iliyofungwa kwenye leso.

"Nilizihamisha. Sikufuta. Nilitaka kuzifuta nikishamaliza."

"Ukishamaliza nini?"

"Kusikiliza. Kuna mazungumzo katikati ya nyimbo, mwalimu hazimi simu. Natafuta alipomwita jina ambalo mimi hajaniita." Aliiweka flashi mezani kati yao. "Samahani, baba Nikuze. Ni ya mke wako. Chukua, Jumamosi iko karibu. Nimefika rekodi ya arobaini na moja. Hakuna kitu. Wanagombana tu kuhusu kibwagizo. Yeye anacheka, wanaanza upya."

"Hakuna kitu," Telesfori alirudia.

"Mpaka hapo."

Aliichukua flashi. Ilikuwa na joto la mwili wa Noela. Mlango ulikuwa wazi, njia ya kwenda nyumbani ilikuwa mbele yake, na alichokuja kukitafuta kilikuwa ndani ya ngumi yake. Angeweza kuchagua wimbo mmoja mzuri kwa ajili ya Jumamosi na asisikilize zaidi. Alipiga hatua mbili. Jirani wa kanisa alikuwa anatwanga, na kila mchi ulipotua alikumbuka jioni moja, na jioni nyingine, na upepo uliogeuka kabla hajasikia neno la mwisho.

Akausukuma mlango ukajifunga. Akalivuta lile benchi la washitakiwa hadi mbele ya kompyuta, akakaa upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu wa pili.

"Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na mbili," Noela alisema.

Akamrudishia flashi.

"Anza na ya arobaini na mbili."